Thika Ina Jiwe na Kisa, Ila Haina Utenzi

Mnamo mwaka 1790, Robert Burns wa Uskoti alitunga "Tam o' Shanter", kisa cha mlevi anayewakuta wachawi wakicheza ngoma kanisani usiku, akaponea chupuchupu darajani huku farasi wake akinyofolewa mkia. Karne moja baadaye, mwaka 1891, mji wa Ayr ulimsimamishia Burns sanamu, na kisa hicho kikachongwa kikitokeza kwenye bamba la shaba katika kitako chake. Mlevi akapewa shaba!

Fasihi ya Kiswahili haikosi kisa cha kushindana na hicho. Utendi wa Fumo Liyongo, ambao Muhamadi Kijuma wa Lamu aliutunga mwaka 1913, unamwonyesha shujaa aliyedungwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, akafa amepiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa upindeni. Wenyeji wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mchongaji angetaka nini zaidi? Ajabu ni kwamba Kijuma alikuwa pia fundi wa kuchonga mbao. Hata hivyo, nakshi za milango ya Lamu aghalabu ni maua, majani na maandishi, kwani desturi ya Kiislamu ya pwani haipendelei sura za watu. Lawama haimfiki.

Bara hakuna kizuizi hicho. Kati ya Ruiru na Thika yapo machimbo ya Ndarugu, ambako mawe ya kujengea hukatwa kwa mashine. Kisa nacho kipo. Masimulizi yanaeleza kwamba Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa siku mugumo wa Thika ungeanguka, utawala wa Mwingereza ungekoma. Wakoloni wakauimarisha kwa chuma, nao ukaanguka mwaka 1963.

Wapo watakaodai kwamba wachongaji waajiriwe mara moja. Haraka hiyo ina kasoro. Bamba la Ayr huzungumza na mtu aliyekwisha kulisikia shairi. Asiyelijua huona farasi tu. Mtoto wa shule huko Ruiru ataghani utenzi gani wa mugumo? Wadaiwa wa kwanza, basi, ni wanafunzi wa Kiswahili vyuoni, wanaomaliza mihula wakihesabu mizani za marehemu kwa ajili ya mtihani. Beti mia moja za mizani nane zingetosha kuanzia, zighaniwe pale pale mjini Thika kabla fundi hajashika patasi.