Pikapu Inayokohoa Kanyakine na Istilahi Zilizoachwa Karakanani

Imani kwamba istilahi za ufundi huzaliwa katika vikao vya kamati, kisha zikateremshwa kwa wananchi kama chakula cha msaada, bado imejikita katika idara nyingi za Kiswahili. Anayeishikilia angefaa kushinda siku moja katika karakana ya jua kali pale Kanyakine, Imenti Kusini, asikilize jinsi pikapu kongwe inavyotafutiwa ugonjwa wake. Hapo ipo lugha ya kitaalamu ambayo hakuna kamati iliyoiunda, nayo inafanya kazi.

Pikapu inayozungumziwa ni ile inayofahamika vyema katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya: Toyota Hilux au Peugeot 504 ya miaka ya 1980, ya petroli, yenye kabureta na distribyuta, isiyo na kompyuta ya kuulizwa chochote. Alfajiri hubeba maziwa, mchana ndizi, na msimu wa kahawa ukiwadia hubeba kahawa mbivu ambayo sharti ifike kiwandani siku iyo hiyo ilipochumwa. Ugonjwa wake ni wa kuja na kwenda. Leo inawaka kwa mguso mmoja. Kesho stata inazunguka hadi betri inakaribia kuchoka, na injini ikikubali kuwaka inatetemeka, inakohoa, kisha inazimika kila dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta. Ikifikishwa kwa fundi, inanguruma kwa utulivu kana kwamba haijawahi kuugua. Mwenye gari kuukuu anaijua vyema aibu hiyo.

Gari lenye kasoro ya kudumu hujieleza lenyewe. Lenye kasoro ya kuja na kwenda linahitaji shahidi, na shahidi huyo ni dereva. Ndiyo maana fundi stadi hakimbilii kufungua boneti, kwanza huuliza. Inasumbua ikiwa baridi ama ikishapata moto? Ni asubuhi zote, mzee, ama ni zile za mvua? Ilianza kabla ya kujaza mafuta ama baadaye? Ikitetemeka, ukivuta choki inapona ama inazidi?

Maswali haya yanafanana na mazungumzo ya kupitisha wakati, lakini kila moja linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Ikiwa pikapu husumbua asubuhi za ukungu na mvua pekee, tuhuma huangukia kifuniko cha distribyuta kilichoingiwa na unyevu, au waya za plagi zilizopasuka na kuvujisha umeme. Ikiwa husumbua baada ya kupanda mlima na kupata joto, hushukiwa koili inayolegea ikipata moto, au petroli inayochemkia ndani ya bomba. Kasoro iliyoanza baada ya kujaza tangi huelekeza kwenye maji, uchafu au mafuta taa, na ikumbukwe kuwa uovu wa kuchanganya mafuta ya magari na mafuta taa ulikithiri nchini Kenya kiasi cha serikali kuyatoza mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita mwaka 2018. Ama choki, hiyo ni shahidi wa kipekee. Ikivutwa na injini ikatulia, basi injini ilikuwa na njaa ya petroli au ilikuwa ikivuta hewa mahali pasipostahili. Ikivutwa na hali ikazidi kuwa mbaya, injini ilikuwa imekwisha kuvimbiwa.

Baada ya mahojiano ndipo spana inaposhikwa. Plagi hutolewa na kukaguliwa moja moja. Yenye masizi makavu meusi inashuhudia petroli nyingi kupita kiasi. Nyeupe kama jivu, petroli haba. Iliyolowa oili, ringi za pistoni zilizochakaa. Kisha injini huwashwa, na waya za plagi zikachomolewa moja baada ya nyingine kwa kishikio kisichopitisha umeme. Silinda yenye afya ikinyimwa cheche, mngurumo hushuka papo hapo. Ile ambayo kunyimwa kwake hakubadilishi kitu ndiyo iliyokuwa imelala. Maji hunyunyiziwa kwenye maungio ya kabureta, na mngurumo ukibadilika hujulikana kuwa hewa inapenya hapo. Giza likiingia, boneti hufunguliwa injini ikiwa inanguruma, na waya iliyopasuka hujitaja yenyewe kwa vicheche vya samawati. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachohitaji chombo cha bei ghali. Vyote vinahitaji sikio, jicho, na dereva aliyesema kweli kwa maneno yaliyo sahihi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Dereva akitamka tu kwamba gari ni baya, fundi asiye na subira huanza kubadilisha vipuri. Wiki ya kwanza huwekwa plagi mpya. Ya pili, koili. Ya tatu, kabureta nzima. Mwishowe, kwa bahati, mtu anatikisa waya ya betri inayofungwa kwenye chasi na kukuta kutu chini ya nati. Mwenye pikapu amelipia vipuri vitatu kwa sababu ya kutu iliyohitaji kipande cha msasa, na katika wiki hizo tatu maziwa yake yamefika yakiwa yamechacha, au hayakufika kabisa. Kwa mkulima mdogo, upungufu wa msamiati una bei, na bei hiyo hulipwa kwa pesa taslimu.

Wapo watakaodai kuwa lugha ya karakanani si Kiswahili bali ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Dai hili ni la juujuu. Kabureta, plagi, koili na distribyuta ni za mkopo, hilo halina ubishi. Lakini gari nalo lilikopwa kutoka Kihindi na meza ikatoka Kireno, na hakuna mhadhiri anayezikataa. Uzito wa lugha hii, aidha, haumo katika nomino. Umo katika vitenzi. Injini inayozimika ghafla, kana kwamba imekatwa kwa kisu, si sawa na inayofifia hadi kufa: ya kwanza humpeleka fundi kwenye umeme, ya pili kwenye mafuta. Kukohoa si kutetemeka, kulala si kuzimika, kuvuta hewa si kula mafuta. Vitenzi hivyo ni vya Kibantu, vimechukuliwa kutoka katika mwili wa binadamu na kupewa maana finyu ya kitaalamu, jambo ambalo ndilo hasa uundaji wa istilahi unalokusudia kufanya. Mhakiki wa fasihi ataiona hapa sitiari ya gari kama kiumbe hai. Fundi haioni sitiari. Kwake ni vipimo.

Fauka ya hayo, barabara ya kutoka Embu kwenda Meru hupita kwa Waembu, Wachuka, Wamwimbi na Waimenti. Fundi na jirani yake wa Kanyakine huelewana kwa Kimeru bila shida. Dereva aliyeharibikiwa akitoka mbali, aghalabu ni Kiswahili kinachowakutanisha, na hakuna anayesubiri kuuliza kama Kiswahili hicho kimesanifiwa.

Ni kweli kwamba kazi kubwa imekwisha kufanywa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990, iliwapa walimu wa sayansi msamiati wa kuanzia. Katiba ya Kenya ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo kijana aliyekulia karakanani, anayeweza kuieleza silinda iliyolala kwa Kiswahili kinyoofu, akiingia chuo cha ufundi hukuta nadharia ya kazi yake imeandikwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Elimu yake haihesabiki mpaka aitafsiri. Hilo ni jambo la idara za Kiswahili, si la wizara ya elimu pekee.

Vyuo vikuu vya Chuka na Meru vilipata hati zao mwaka 2013, na kile cha Embu mwaka 2016. Kanyakine imezungukwa. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada hana haja ya kurudia kwa mara nyingine uchambuzi wa riwaya ambayo watangulizi wake wameichambua mpaka ikabaki mifupa. Achukue kinasasauti, akae kwenye kiti cha plastiki kando ya boneti iliyofunguliwa, anukuu swali la fundi pamoja na jibu la dereva, kisha angoje kuona ni kipuri kipi kilichopatikana na hitilafu. Matokeo ndiyo yatakayothibitisha kama neno lilikuwa na maana moja au mbili. Orodha ya maneno bila matokeo ya matengenezo itakuwa na manufaa machache.

Pa kuanzia ni mngurumo wenyewe wa gari lililosimama huku injini ikiwaka. Nchini Tanzania madereva wengi huuita sailensa, na hulalamika kuwa sailensa inapanda na kushuka. Nchini Kenya sailensa ni lile kopo la kupunguza kelele kwenye bomba la moshi. Dereva wa Kanyakine akiharibikiwa Arusha na kulalamikia sailensa yake, huenda akarekebishiwa kabureta ilhali bomba lake linaburuta chini.