Picha Itangulie Sindano

Kina baba wa Kawangware, Kangemi na Dagoretti, nanyi mnaowasindikiza hadi kliniki za Upper Hill,

Nawaandikia kutoka London. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanaume nchini Kenya, na hofu yake huanzia kwenye karatasi ya PSA. Kipimo hicho cha damu hupanda hata tezi ikitanuka kwa uzee tu au ikipata maambukizi. Na saratani ikiwemo, PSA peke yake haitoshi kutenganisha ile inayoweza kukaa miaka mingi bila kumdhuru mtu na ile inayokimbilia mifupani. Ndiyo maana naomba, PSA ikiwa juu, picha ya MRI itangulie sindano ya kutoa kinyama, yaani biopsi.

Kwa utaratibu wa zamani, daktari huongozwa na ultrasaundi kuchoma tezi mara kumi au kumi na mbili, kwa mpangilio uleule kwa kila mgonjwa, bila kujua uvimbe ulipo. MRI huonyesha jinsi maji yanavyotembea ndani ya tezi. Saratani kali huwa na seli zilizosongamana, maji yakakosa njia, na mtaalamu wa radiolojia huipa sehemu hiyo alama ya shaka kati ya 1 na 5. Utafiti wa PROMIS, uliochapishwa mwaka 2017, uliwapima wanaume 576 hapa Uingereza kwa njia zote mbili, kisha ukalinganisha majibu na biopsi ya kina. MRI iliwatambua asilimia 93 ya waliokuwa na saratani ya hatari. Biopsi ya kawaida asilimia 48 tu. Yaani zaidi ya nusu yao wangeambiwa hawana ugonjwa wa kutisha, ilhali wanao.

Mtauliza kama picha haidanganyi. Hudanganya. Katika utafiti huohuo, wengi wasio na saratani ya hatari walionekana wa kutiliwa shaka, kwa hiyo kinyama bado kinahitajika, na alama ya Gleason ya ukali wa saratani, inayotolewa chini ya hadubini, ndiyo yenye uzito. Kazi ya picha ni kumwonyesha daktari pa kuchoma, na kumwepusha na sindano yule asiyeihitaji. Gharama nayo ni kikwazo cha kweli kwa familia inayochangishana. Lakini mwaka 2025 utafiti wa PRIME ulionyesha kwamba MRI fupi, isiyotumia dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani, haipitwi na ile ndefu katika kugundua saratani za hatari, mradi picha iwe safi na msomaji awe mzoefu. Kwa foleni ya Hospitali ya Kenyatta, dakika hizo zinazookolewa ni wagonjwa zaidi kwa siku.

Pingamizi linaloniuma ni kwamba wengi hufika wakiwa wamechelewa, mifupa ikiuma. Kwao swali ni saratani imeenea wapi, na hapo picha ya PET, kama iliyoko Hospitali ya Aga Khan, Parklands, ina kazi kubwa zaidi. Ila kuchelewa kwenyewe hutokana kwa sehemu na woga wa kisu, wa kuvuja mkojo na kupoteza nguvu za kiume, na si kila aliyegunduliwa lazima apasuliwe. Utafiti wa ProtecT uliwafuatilia Waingereza 1,643 waliogunduliwa mapema. Baada ya miaka 15, takriban asilimia 3 tu walikuwa wamekufa kwa saratani hiyo, wawe walipasuliwa, walipigwa mionzi au walifuatiliwa tu. Karibu wote walikuwa wazungu, na mtu mweusi yumo katika hatari kubwa zaidi, hivyo takwimu hizo zisichukuliwe kama zilivyo. Nawasihi wataalamu wa Nairobi walinganishe alama za MRI na majibu ya Gleason ya wagonjwa wao wenyewe, wayachapishe. Nanyi, kabla ya kukubali sindano, mwulizeni daktari: picha ilitoa alama ngapi, uvimbe uko upande gani, na nani aliyeisoma?