Nakala Isiyowahi Kurejeshwa Si Nakala

Leo nina neno na wale wanaoendesha GitLab kwenye seva zao wenyewe. Waulize wamejiandaa vipi kwa siku ya balaa, watakujibu kwa madaha: "Tuna nakala rudufu, hufanywa kila usiku." Haya. Mara ya mwisho mliirejesha lini? Kimya.

GitLab wenyewe walionja haya. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Kati ya takriban GB 300 zikasalia GB 4.5. Kukimbilia nakala, hola! pg_dump ya toleo la 9.2 ilikuwa ikishindwa kila siku kusoma hifadhidata ya 9.6, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 kabla ya ajali. Yote yaliyoingia kwenye hifadhidata baada ya hapo yalipotea.

Wengine hujitetea eti Git imetawanyika, kila mwanaprogramu ana msimbo kwenye laptopu yake. Kweli, msimbo anao. Lakini ripoti za hitilafu, mijadala, ruhusa za watumiaji na mipangilio ya CI zimo kwenye PostgreSQL, si kwenye laptopu ya mtu.

Tena amri ya gitlab-backup create haibebi kila kitu. Faili za gitlab.rb na gitlab-secrets.json, zilizo ndani ya /etc/gitlab, huachwa nje kwa makusudi, ili ufunguo usikae pamoja na kufuli. Zihifadhi kando. Ukipoteza hiyo ya pili, siri za CI na uthibitisho wa hatua mbili havisomeki tena. Nakala nayo hukubali kurejeshwa kwenye toleo lile lile tu, na CE kwa CE. Na usipobadilisha chochote, hukaa ndani ya /var/opt/gitlab/backups, kwenye mashine ile ile unayoogopa kuipoteza!

Msiniambie hamna muda. Mashine pepe moja, siku moja kwa mwezi: rejesheni, ingieni, fungueni mradi, endesheni CI, andikeni imechukua saa ngapi. Meneja asiyetoa siku hiyo ajue anacheza kamari na kazi ya watu.

Wala msiniambie ajali haina kinga. Hii inayo.