Mtungi wa Gesi Haujazwi kwa Kukisia

Mkazi wa Kibaha anayepikia mkaa hununua kopo moja leo, na kesho, akijaliwa, hununua jingine. Gesi haiuzwi hivyo. Mwenye mtungi hana budi kulipia ujazo mzima kwa mara moja. Tofauti hiyo ya biashara ndiyo inayowashawishi baadhi ya watu kuunganisha mtungi mkubwa na mdogo kwa mpira, wakaumiminia mdogo gesi ya kupikia nyumbani au ya kwenda nayo kambini katika misitu ya Kisarawe.

Watu hao si wajinga; wanatafuta unafuu. Lakini hesabu yao imeacha jambo moja, nalo ni tabia ya gesi yenyewe.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, ulioshindiliwa hata ukawa kimiminika. Kimiminika hicho hutanuka kupita maji: joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, ujazo wake huongezeka kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Kwa hiyo kiwandani mtungi haujazwi pomoni. Takriban sehemu moja katika tano huachiwa mvuke. Mtungi uliojazwa pomoni asubuhi, ukawekwa juani adhuhuri, hauna nafasi ya kutanukia. Kanieneo hupanda upesi mno, na chuma chaweza kupasuka.

Anayejaza nyumbani atajuaje kwamba amefika kikomo? Jicho halioni ndani ya chuma. Kiwandani hutumika mizani: uzito wa mtungi mtupu hujulikana, ukaongezwa uzito wa gesi inayoruhusiwa. Asiye na mizani hukisia.

Hatari ya pili ni kuvuja. Lita 1 ya kimiminika hutoa lita 250 hivi za mvuke. Mvuke huo huanza kuwaka ufikapo asilimia 2 ya hewa. Basi lita 1 iliyomwagika yatosha kukifanya chumba chenye meta za ujazo 12.5 kingoje cheche tu; nacho ni chumba cha meta 2 kwa 2.5, chenye kimo cha meta 2.5. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hata ukalifikia jiko la jirani, huku dirisha la juu likiwa wazi bila msaada mkubwa.

Je, kupiga marufuku kwatosha? Hakutoshi. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Lengo hilo linaigusa sana Kisarawe, ambako misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa kwa miaka mingi ili kuipatia Dar es Salaam mkaa. Kila nyumba inayoungua kwa gesi huwatia hofu majirani, wakarudi kwenye mkaa, na msitu ukalipa gharama.

Yafaa mambo matatu yafanywe. Kwanza, muuzaji apime kila mtungi mbele ya mnunuzi, na mnunuzi asione haya kudai mizani. Pili, mita za kulipia gesi kadiri itumikavyo, ambazo zimekwisha kutumika Dar es Salaam, zifikishwe Kibaha na Kisarawe, ili mwenye fedha kidogo apate gesi kidogo kwa njia ya salama. Tatu, mwalimu wa fizikia aifanye hesabu ya chumba kile ubaoni, kisha awaagize wanafunzi wakapime majiko ya nyumbani kwao.

Mwanafunzi atakayeona kwamba jiko la mama yake ni dogo kuliko chumba cha ubaoni hatahitaji kukatazwa mara mbili. Naye ndiye atakayeufungua mpira ule kabla gesi haijapita.