Somo la mtandaoni bila mwalimu wa kujibu, hatulitaki

Wandugu wa Kasongo na Kabambare,

Tangu Machi 2020, Corona ilipofunga shule na vyuo vya nchi yote, wakubwa wamepata jibu moja kwa kila shida ya masomo. Barabara imekufa? Mtandaoni. Profesa hawezi kufika? Mtandaoni. Hatukatai. Mwanafunzi wa Kabambare kupata somo bila kulipa pikipiki mpaka Kindu, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini mutu akitaka kujua kama wanafunzi wanaridhika, aanze kuuliza simu wanachaji wapi, na kwa franka ngapi. Video ya saa moja inameza mega za wiki nzima. Na ile RAM hatujaisahau: kuanzia 2020 serikali ilikata dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na 4G, mpaka kelele za raia zikazidi, ikafutwa 2022. Njo kusema simu ya kusomea ilitozwa mara saba kuliko ya kupigia tu!

Rezo si yote, lakini. Waliosoma hivyo wanatuambia kinachovunja moyo zaidi ni kutuma swali na kungoja wiki mbili, mpaka mtihani unafika. PDF ya kurasa 80 kwenye kundi la WhatsApp si somo, ni silabisi ile ile tuliyokuwa tunauziwa. Sauti ya dakika kumi, na mwalimu anayejibu jioni ile ile, inashinda video yoyote nzuri.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipokea wanafunzi wa kwanza 1994, mbele ya simu hizi zote. Kina vituo mikoani, Kigoma nayo imo. Mwanafunzi wa mbali ana mahali pa kwenda, ana mutu wa kuuliza.

Tunadai chumba kimoja Kasongo na kimoja Kabambare, chenye umeme wa jua, na masomo yaliyokwisha kupakuliwa, mutu akopi ku flashi bure. Wa kusaidia wanafunzi wapo: ni sisi wenye diplome, tunaokaa bila kazi. Tena anayesomea kwenye simu yake na mega zake asilipe minervali sawa na anayekaa darasani.

Jumamosi tunaanza kupita kwa wanafunzi, kata kwa kata, kuandika: simu gani, mega ngapi, swali lilijibiwa baada ya siku ngapi. Karatasi hizo tutazipeleka kwa kila mkuu wa chuo na kila mbunge wetu. Njooni na kalamu.