KUMTOA MTU KWAO BILA YA KUMGUSA



Lugha ya Kiingereza inalo neno "oust", ambalo wafasiri wetu hulipa maana ya "kufukuza" na kupita njia zao. Twaona tafsiri hiyo haitoshi. Anayefukuzwa huonekana: pana fimbo, pana makelele, na mashahidi wapo. Neno hili halihitaji hata kimoja katika hivyo.

Asili yake ni Kilatini, na maana ya awali ni kusimama mbele ya mtu na kumzuia. Likapita katika Kifaransa cha Wanormani, likaingia katika mahakama za Uingereza, likawa neno la mashauri ya ardhi: kumnyima mtu milki yake. Ndugu wawili wakirithi nyumba moja, na mmoja akabadilisha kufuli wakati mwenziwe yuko sokoni, wanasheria wa Kiingereza hulitumia neno hilo. Hakuna aliyesukumwa. Aliyekwenda sokoni hana pa kurudi, basi.

Khabari ya wenzetu wa Chagos, visiwa vya bahari yetu hii hii, ndiyo hiyo. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga na Mauritius, na Diego Garcia ikafanywa kituo cha kijeshi cha Marekani. Wengi wetu twajua kwamba wenyeji walipakiwa melini hata kufikia 1973. Lakini kabla ya hapo walikuwapo waliokwenda Mauritius kwa hiari yao, kutibiwa au kutazama jamaa. Walipotaka kurejea waliambiwa hakuna meli ya kuwarudisha. Hao hawakuguswa na mkono wa askari.

Sheria ya kuwakataza ilikuja baadaye, mwaka 1971. Mahakama Kuu ya London iliitangua mwaka 2000. Mwaka 2004 serikali ikaweka kizuizi kipya kwa amri ya Malkia, na mwaka 2008 majaji watatu dhidi ya wawili wakaikubali. Hata mkataba uliotiwa saini tarehe 22 Mei 2025, wa kuirudishia Mauritius visiwa hivyo, uliiruhusu kuwarejesha watu katika visiwa vingine, wala si Diego Garcia.

Watawala waliwaita watu hao vibarua wa mkataba, wasiokuwa na kwao pale. Nasi tukiandika kwamba "walihamishwa", tunawafanyia watawala kazi yao. Anayehama huchagua siku yake, hufunga mizigo yake, na huenda apendako.

Kwa hivyo twawaomba wanachama wanaoandika maazimio na barua za matawi walipime neno kabla ya kulitia wino. Penye kufukuzwa tuandike kufukuzwa. Na pale ambapo hakuna aliyeonekana akisukuma, tusikubali kuambiwa kwamba watu waliondoka wenyewe. Tuulize: alipotaka kurudi, ni nani aliyesimama njiani?