Mbolezi Haizibi Paa Linalovuja

Ndugu zangu wapenzi wa ushairi, nina ugomvi nanyi, na mimi mwenyewe nimo miongoni mwa washitakiwa.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 katika Mji Mkongwe wa Unguja, iliporomoka wakati jumba likifanyiwa ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Siku zile nilisoma mbolezi nyingi zenye vina safi na mizani timilifu, langu lilikuwamo. Lakini sehemu ya roshani zake ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 2012. Ni nani kati yetu aliyetunga hata ubeti mmoja wakati ule?

Mazoea haya tumeyavika joho la heshima. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inatuonyesha majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, ili moyo uzinduke. Ni wasia wa haki. Ila mshairi aliuonya moyo wake juu ya dunia. Hakumruhusu mtu kuiacha nyumba ya jirani ioze. Sisi tumeufanya wasia kuwa udhuru.

Nyumba ya mawe haifi ghafla. Kuta zake ni matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Mfereji wa paa ukiziba, maji huingia ukutani, na ncha ya boriti iliyofichwa humo ndiyo huoza kwanza, pasipo kuonekana. Kisha huja fundi wa haraka akapiga lipu ya saruji. Chokaa hupumua, saruji hufungia unyevu ndani. Ukuta hupendeza kwa nje huku ukioza kwa ndani. (Nimepata kuwa na wanafunzi wa namna hiyo, lakini hayo tuyaache.)

Wapo wasemao: hayo ni majumba ya masultani na mabwana wa watumwa, na yaanguke! Nami nawauliza: nani alizikata boriti zile? Nani aliichoma chokaa na kuyabeba mawe? Jumba likianguka, sultani hapungukiwi kitu. Unaopotea ni ushahidi wa jasho la watu ambao hakuna aliyewaandika majina.

Na lugha nayo huanguka. Nilipokuwa nikisomesha utenzi huo, nilimwuliza kijana mmoja maana ya madaka. "Ni kudaka mpira, mwalimu." Darasa zima lilicheka. Mimi sikuweza, kwani hakupata hata siku moja kuingia katika chumba chenye vishubaka vya kuwekea vyombo ukutani. Kamusi ingemfaa nini?

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014. Hayakutolewa kwa tungo, bali kwa kazi ya mikono.

Basi, kabla ya shairi lenu lijalo, ingieni katika nyumba moja kongwe, kwa idhini ya wenyewe. Waulizeni wazee majina ya kila sehemu, myaandike. Ulizeni pia paa linavuja wapi, na habari hiyo mwifikishe kwa sheha na kwa mamlaka ya uhifadhi, kwa barua yenye tarehe. Msipojibiwa, hapo ndipo mtunge, tena kwa ukali. Masika hayako mbali.